SPME na sumaku ya PDMS zikigoma: anza na kichupa kabla ya kufungua mashine

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu SPME (njia ya kuchota kemikali kwenye sampuli kwa uzi mwembamba uliovikwa utando, yaani faiba, kabla ya kuzipima kwenye kromatografu ya gesi) huanza hivi: "Kaka, faiba imekufa." Nikiuliza imekufaje, naambiwa vilele (miinuko ya grafu inayoonyesha kila kemikali) vimepungua. Basi tunaanza kufuatilia, na mara nyingi faiba inaonekana ni nzima kabisa. Kilicholegea ni kizibo, au kikorogeo kimepunguza kasi, au kijana mpya ameweka chumvi kwa kukadiria kwa jicho. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta dalili yako, uanze na sababu ya juu kabisa, na usiruke hata kama una hakika tatizo ni la chini.

Kwanza jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. SPME, iliyotoka chuo kikuu cha Waterloo nchini Kanada kwenye makala ya Arthur na Pawliszyn mwaka 1990, na ndugu yake SBSE, ile sumaku ya kukorogea iliyovikwa PDMS (aina ya silikoni) ya mwaka 1999, hazichoti kila kitu kilichomo kwenye sampuli. Zinagawana na maji. Kemikali inajigawa kati ya maji na utando mpaka ufike msawazo, na ukibadilisha joto, muda, kasi ya kukoroga, chumvi au ujazo, umebadilisha mgawo. Mashine itapima kwa uaminifu mgawo huo mpya, na wewe utailaumu faiba.

Kipimo cha kutenganisha lawama

Kabla ya dalili yoyote, pitisha mambo manne kwa mpangilio huu:

1. Mashine peke yake: anzisha programu ya joto bila kuingiza chochote.
2. Standadi ya kimiminika kwa sindano ya kawaida.
3. Faiba tupu iliyotoka kusafishwa.
4. Maji safi yaliyotiwa kiasi kinachojulikana cha naftalini, kwa njia yako yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Namba 2 ikitoka vizuri na namba 4 ikaharibika, acha mashine, rudi kwenye meza ya sampuli. Namba 2 ikiharibika, faiba haina kesi.

Angalizo kwenye namba 2, kwa sababu limeshapoteza siku nzima za watu. Laina ya SPME (kile kibomba cha kioo ndani ya injekta) ni nyembamba, ya mm 0.75, na ndani yake kuna nafasi ya µL 35 hivi tu. Ukidunga µL 1 ya heksani kwenye injekta ya 250 °C, inageuka mvuke wa zaidi ya µL 150. Mvuke hautoshi humo, unarudi juu kwenye septa (kile kifuniko laini kinachotobolewa na sindano) na mabomba ya gesi, na matokeo yanakuwa mabaya. Hapo utaamini mashine ni mbovu wakati hiyo sindano yako ndiyo iliyoizidi laina. Weka laina pana kwanza, au dunga µL 0.2 kwa spliti (sehemu kubwa ya mvuke ikitolewa nje).

Dalili ya 1: Vilele vidogo mno, au hakuna kabisa

*Labda hakuna kosa.* Hii ndiyo sababu ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo watu hawapendi kuisikia. Piga hesabu kwanza. Kwa PDMS, uwiano wa mgawo unakaribiana na Kow ya kemikali (jinsi inavyojigawa kati ya oktanoli na maji). Chukua maji mL 10. Faiba ya PDMS ya mikromita 100 ina utando wa takriban µL 0.6, sumaku ndogo ya urefu wa mm 10 ina takriban µL 24. Naftalini (log Kow 3.3 hivi) itaingia kwenye faiba kwa takriban asilimia 10, na kwenye sumaku kwa zaidi ya asilimia 80. Atrazini (log Kow 2.6) itaingia kwenye faiba kwa asilimia 2 tu, na kwenye sumaku kwa karibu nusu. Na hapo ni pale msawazo unapofikiwa. Kwa hiyo mtu anayetafuta atrazini kwa faiba ya PDMS halafu analalamika kilele ni kifupi, hajaharibikiwa na kitu. Amechagua chombo kisichofaa. Kwa kemikali zinazopenda maji kuna tando nyingine, kama poliakrileti au PDMS iliyochanganywa na DVB.

*Faiba haikutoka kwenye sindano yake.* Usicheke. Holda ya mkono ina mahali pa kufunga plunja. Isipofunga, faiba inabaki ndani ya ala muda wote. Itazame kwa macho kwenye mwanga, nje ya kichupa, kabla ya kuingiza.

*Kina cha faiba ndani ya injekta si sahihi.* Sehemu ya juu ya injekta ina joto dogo kuliko katikati. Faiba ikikaa juu mno, inaachia nusu nusu.

*Kizibo kinavuja, au septa ya kichupa imegeuzwa.* Septa nyingi zina upande wa tefloni na upande wa silikoni. Tefloni ndiyo inayotazama sampuli. Ukigeuza, silikoni inafyonza kemikali zako, kwani silikoni na PDMS ni ndugu wa damu. Umeweka faiba ya pili kubwa kuliko ile yako, ila hii hutaipima. Kichupa cha kubana kisizunguke ukikishika kizibo kwa vidole viwili.

*Chumvi na pH.* NaCl ya gramu 20 hadi 30 kwa mL 100 huwasukuma wenye kupenda maji watoke. Lakini kwa vitu vinavyoyachukia maji kama DDT, chumvi nyingi inaweza kupunguza matokeo, na watu wanaoandika "ongeza chumvi" bila kusema ya nini wametutesa sana. Kwa asidi, shusha pH ifike angalau namba mbili chini ya pKa yake, yaani pH ambayo nusu yake ina chaji, la sivyo itabaki na chaji ndani ya maji na faiba haitaiona.

*Kuta za glasi.* DDT na PAH kubwa (jamaa wakubwa wa naftalini) hushika kwenye glasi. Kwenye SBSE watu huongeza methanoli kidogo ili zisishike. Kidogo: ukizidisha, methanoli inazibakiza kwenye maji.

*Joto limezidi.* Kwenye uchotaji wa hewa ya juu ya sampuli, joto linafukuza kemikali kutoka majini kwenda hewani, na joto hilo hilo linaifanya faiba ishindwe kuzishika. Kuna mahali pa kati. Kwa vitu vyepesi, 60 °C inaweza kukupa kidogo kuliko 40 °C. Jaribu ngazi tatu, uchore grafu.

Mwisho kabisa ndipo faiba iliyochoka. Linganisha na mpya kwa sampuli ile ile, siku ile ile.

Dalili ya 2: Sampuli moja, majibu matatu

Hapa sikuulizi kuhusu mashine. Nakuuliza: unapima muda kwa saa gani?

Kama hujafika msawazo, na wengi hawafiki kwa dakika 20 au 30, kila sekunde ni kipimo. Mkunjo wa uchotaji hupanda haraka mwanzoni. Tofauti ya dakika mbili pale inaonekana wazi kwenye vilele. Saa ya ukutani haitoshi. Na ule muda faiba inaposubiri mezani huku unamalizia chai nao unahesabika: vitu vyepesi vinaruka vikienda zake.

Halafu fuata hivi. Kasi ya kukoroga: hotpleti za bei rahisi hupunguza kasi umeme unapolegea, na sehemu zetu nyingi umeme hulegea jioni. Weka alama kwenye sumaku na uihesabu, au tumia stabilaiza. Mahali pa kichupa: pembeni pa hotpleti pana joto tofauti na katikati, hivyo tumia bafu ya maji au kizuizi cha alumini, na kipimajoto kikae *ndani* ya kichupa cha mfano. Ujazo: kichupa cha mL 20 chenye sampuli mL 10 hakilingani na chenye mL 12, maana hewa ya juu imebadilika. Chumvi: ipime kwa mizani, na uhakikishe yote imeyeyuka kabla hujaanza kuhesabu muda.

Ukishayapitia hayo na bado majibu yanayumba, angalia utando wa aina gani. PDMS hufyonza ndani yake kama sifongo. Nafasi ni nyingi na vitu havigombani. Karboksini (aina ya kaboni) na DVB (aina ya plastiki) hushika vitu juu ya vitundu vyake, na vitundu vikijaa, mwenye nguvu anamng'oa mnyonge. Ukipima harufu ya pombe ya ndizi, ethanoli iliyomo ni nyingi mno kuliko esta unazozitaka, nayo inachukua viti. Punguza muda, au punguza ukali wa sampuli kwa maji, ukiweka kiasi cha ethanoli sawa kwenye standadi zako zote.

Standadi ya ndani (kemikali unayoitia kwa kiasi kile kile kwenye kila sampuli) inaponya mengi, hasa ile yenye deuteri, yaani haidrojeni nzito. Lakini haiwezi kukusaidia kama umeitia baada ya kufunga kichupa kwa septa yenye tundu.

Dalili ya 3: Vilele vya mizimu

Faiba tupu inatoa vilele. Usibahatishe, isome spektra (orodha ya ioni, yaani vipande vya kemikali kwa uzito wake).

Ioni 73, 207, 281, 355 ni siloksani. Zikija kwa mpangilio, moja baada ya nyingine kama mabehewa, chanzo kinaweza kuwa faiba, sumaku, septa ya injekta, septa ya kichupa, au koloni yenyewe (lile bomba refu linalotenganisha kemikali). Ili kujua, pitisha namba 1 ya kipimo chetu cha mwanzo. Zikitokea hata bila faiba, ni septa ya injekta au koloni. Badilisha septa kwanza maana ni ya bei rahisi. Zikitokea na faiba peke yake, itayarishe upya: PDMS ya mikromita 100 kwa 250 °C nusu saa, karboksini/PDMS kwa 300 °C saa nzima, na siku zote usome karatasi iliyokuja na faiba yako. Siloksani kidogo kwenye SBSE ni kawaida; ilimradi hazikai juu ya kilele chako, ishi nazo.

Ioni 149 ni fthaleti. Glovu, vichupa vya plastiki, chupa ya maji yaliyokenekwa. Hasa hiyo chupa.

Ioni 91 na 106 ni zaileni na jamaa zake, na hapa nina kisa. Tulihangaika wiki nzima na zaileni kwenye maji ya kisima. Blanki (sampuli ya maji safi) ilikuwa nayo, faiba ilikuwa nayo, mashine haikuwa nayo. Tukabadilisha faiba, nayo mpya ikawa nayo. Siku ya tano nilitoka nje kupokea simu, nikakuta fundi anapaka rangi ya mafuta milango ya korido, ghorofa ile ile, chumba baada ya chumba. Faiba iliyokuwa ikisubiri mezani ilikuwa inavuta hewa yetu sote. Tangu hapo faiba yangu haikai wazi hata dakika: inatoka kwenye injekta, inarudi ndani ya ala, na ncha ya ala inachomekwa kwenye kipande cha septa safi.

Friji nayo ni chumba chenye hewa. Kama mnafanya kazi ya karafuu za Pemba na kazi ya maji kwenye maabara moja, msiziweke pamoja. Eujenoli haijui mipaka ya vizibo. Utaikuta kwenye blanki ya maji ya bomba.

Dalili ya 4: Sampuli ya jana imo kwenye ya leo

Vitu vizito havitoki vyote kwa mara moja. Ukimaliza dakika 2 au 3 za kuachia, usiitoe faiba. Iache humo mlango wa spliti ukiwa wazi, dakika 5 hadi 10 nyingine, ijisafishe. Kisha pitisha blanki. Pima chafu mwishoni, safi mwanzoni.

Kama mabaki hayaishi, tofautisha: ingiza faiba mpya. Mabaki yakiendelea, si ya faiba, yapo kwenye laina au chini ya injekta. Hapo vaa glovu za joto, poza injekta, badilisha laina na o-ringi yake.

Kwa sumaku, iloweke kwenye asetonitraili au methanoli, ikauke, kisha ipashwe moto chini ya mkondo wa naitrojeni au heliamu. Kamwe usiipashe moto kwenye hewa ya kawaida, wala kwenye oveni ya kukaushia vyombo. PDMS huungua polepole kwenye oksijeni, ikawa ngumu na kupasuka.

Dalili ya 5: Vilele vya mwanzo vimetanuka kama mlima Meru

Vya mwisho ni vyembamba, vya mwanzo vinene. Sababu ya kawaida ni laina pana. Rudisha ya mm 0.75. Ya pili ni oveni kuanza na joto kubwa: ianze 40 °C, ukae dakika mbili tatu mpaka faiba imalize kuachia. Ya tatu ni joto dogo la injekta. Kama vyote vimetanuka, vya mwanzo na vya mwisho, na mkia unaburuta, tatizo limehamia kwenye koloni. Kata sentimita 20 upande wa injekta.

Kwa sumaku inayopimwa kwa mtego wa baridi (sehemu inayogandisha kemikali kabla hazijaingia kwenye koloni), dalili hii pamoja na shinikizo kupanda ghafla ni barafu. Hukuikausha. Itoe kwa kibano, isuuze kwa maji yaliyokenekwa, iguse kwenye karatasi isiyotoa nyuzi, geuza, gusa tena. Sekunde kumi, wala usiisugue.

Dalili ya 6: Utando unachubuka, faiba inakatika

Faiba nyingi hufa kwa mikono. Faiba ikitoka ndani ya ala kabla sindano haijatoboa septa, inavunjika. Ikirudishwa imevimba kwa kiyeyushi, inakwanguliwa na ukingo wa ala. Heksani na viyeyushi vya klorini huvimbisha PDMS, kwa hiyo usiichovye humo. Sindano ya kudunga imeng'ang'ania? Usilazimishe. Septa ngumu inaipinda. Tumia septa iliyotobolewa tayari.

Ukichovya kwenye sampuli ya chumvi, isuuze faiba kwenye maji safi sekunde chache. Usipofanya hivyo, fuwele zitaanguka ndani ya laina, na utaziona kama unga mweupe siku ya kuifungua.

Sumaku huchakaa chini, pale inaposaga glasi. Sampuli yenye mchanga ni msasa. Acha itulie au ichuje, na kasi isizidi mizunguko 1000 kwa dakika bila sababu. Utando ukionyesha glasi ya ndani, ujazo wa PDMS umeshabadilika na hesabu zako zote nao.

Dalili ya 7: Maji safi yanakubali, maji ya kweli yanakataa

Umetia standadi kwenye maji yaliyokenekwa, ukapata kila kitu. Ukatia kiasi kile kile kwenye maji ya rangi ya chai kutoka kwenye mafunjo ya Ziwa Viktoria, ukapata theluthi. Faiba haijakudanganya. Asidi za humiki zimeishika DDT yako, na faiba huona ile iliyo huru tu. Huo ni ukweli wenye faida yake, ila kama ulitaka kiasi chote, tumia njia ya kuongeza standadi kwenye sampuli yenyewe, na uiache saa kadhaa ishikane na tope kabla ya kuchota. Anayetia standadi na kuchota papo hapo anajipongeza bure.

Ukiona DDT imepungua huku DDD na DDE (mazao ya DDT iliyovunjika) zimepanda, hilo silo tope. Injekta chafu yenye moto huvunja DDT. Dunga DDT safi peke yake. Ikitoa DDD, badilisha laina.

Hapa weka bisibisi chini

Kuna mambo manne ambayo sikushauri uyaguse hata kama umeyaona mtandaoni yakifanywa.

Kigunduzi cha ECD (kinachofanya kazi kwa kunasa elektroni). Ndani kuna Nikeli-63, chanzo cha mionzi. Usikifungue, usikisafishe kwa kiyeyushi, usikihamishe jengo. Tanzania mambo hayo yapo chini ya Tume ya Nguvu za Atomu. Mwite mwenye kibali.

Ioni 28, 32 na 18 zimepanda pamoja: hewa inaingia. Kaza nati ya koloni robo mzunguko, mara moja. Isipotulia, zima filamenti (uzi wa moto wa kigunduzi) na umwite fundi. Kuendelea kupima ni kuichoma.

Pampu ya tabo (inayoondoa hewa kwenye kigunduzi) inapiga mluzi au kukwaruza, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi. Usiiwashe tena kuona kama itapona.

Na kama gesi yenu ni haidrojeni na kuna shaka ya kuvuja, funga mtungi kwanza, fungua madirisha, zima oveni, kisha ndiyo upige simu. Piga ukiwa nje.